Digrii Mia na Hamsini na Moja

Ukipita Nyamugari, mtaa mmoja wa Gitega, saa sita mchana ukaona geti linakuumiza macho kwa kung'aa, ujue hapo amepita Chabani. Alikuwa fundi wa kuchomelea na kupaka rangi, mtu wa miaka hamsini na minane, na katika ufundi wake alikuwa na imani moja tu: kitu kisichong'aa bado hakijakwisha. Vitanda vyake vilimeremeta. Masanduku ya bibi harusi aliyoyatengeneza yalimeremeta. Hata reli ya ngazi za msikiti aliipiga rangi na kuisugua mpaka wazee wakalalamika kwamba wanapokwenda kuswali wanajiona meno. Wateja walimpenda kwa ajili hiyo, na mkewe Amisa, ambaye nguo zake zote zilikuwa na madoa ya rangi ya fedha, alikuwa amekwisha kata tamaa.

Kwa hiyo Radjabu alipomletea gari lake, kilichotokea hakikupaswa kumshangaza mtu.

Radjabu alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, nyumba yake Muyinga na duka lake Gitega, na kati ya miji hiyo miwili alikwenda na gari dogo jekundu la Kijapani, kuukuu lakini lenye turbo, alilolipenda kupita alivyokuwa tayari kukiri mbele ya mkewe. Kila mwaka alilichokonoa ili likimbie zaidi, na kila mwaka lilimlipa kwa joto zaidi. Rangi ya boneti ilianza kutoka malengelenge. Plastiki za nyaya zikalegea kama mishumaa. Mafundi wote walimwambia jambo moja: tatizo ni kolekta, yaani yale mabomba manne yanayotoka ubavuni mwa injini na kuungana kuwa moja ili kupeleka moshi nyuma. Hapo ndipo moto wote unapopita. Wakamwambia atafute mtu wa kuipaka rangi ya kuzuia joto.

Mtu wa rangi Gitega ni nani? Chabani akaletewa kolekta, akaikwangua kutu, akaipaka rangi ya fedha kutoka kwenye kopo lililoandikwa kwamba rangi hiyo inastahimili digrii mia sita, kisha akaisugua mpaka ikawa kama kijiko cha wageni. Kopo halikusema uongo. Rangi ilistahimili. Wala hakuna mahali kwenye kopo hilo paliposema kwamba rangi itapoza kitu chochote, ila hilo hakuna aliyelisoma, kwa kuwa halikuandikwa.

Radjabu alikuwa na bunduki ya kupimia joto, ile ndogo ya kushika mkononi, unaielekeza kwenye kitu, inatupa kidoti chekundu, na namba inatokea. Alikuwa ameiagiza Dubai na alitembea nayo mfukoni kama mganga na hirizi. Kabla ya rangi, alipolipandisha gari milima ya upande wa Bugendana na kurudi, kolekta ilisoma mia nne na kumi na mbili. Baada ya rangi, milima ileile, mwendo uleule wa kuwarusha watembea kwa miguu mtaroni, akarudi mbele ya karakana ya Chabani, akafungua boneti na kuelekeza bunduki.

"Mia na hamsini na moja!" akapiga kelele. "Mi niliwaambia, huyu fundi si wa hivi hivi. Bon, njooni muangalie wenyewe. Pistole haijui kudanganya, haina hata ndugu hapa Nyamugari!"

Watu wakajaa. Wakapokezana bunduki, kila mtu akataka kupima mwenyewe, na kila mtu akapata mia na hamsini na kitu. Chabani mwenyewe alikuwa ametarajia tu kwamba bomba halitashika kutu. Lakini mtu ukiambiwa mbele ya mtaa mzima kwamba umeupoza moto, kukataa kunahitaji moyo wa pekee, na Chabani hakuwa nao siku ile. Kufikia swala ya alasiri alikwisha waeleza watu watatu siri ya kazi yake.

Radjabu kwa furaha akafungua bati la kukingia joto, lile linalofunika kolekta, akamtupia. "Hii inapiga kelele kama debe. Ya nini tena? Sisi tumepona." Amisa akalichukua bati akaenda kuanikia pilipili.

Tangu siku hiyo Chabani akawa Dokta wa Moto. Walikuja watu kutoka Karuzi, wenye pikipiki, wenye malori, na mmoja mwenye jiko la kuchomea mishikaki aliyetaka lipoe kwa nje tu. Mtoto wa Radjabu, Aboubakar, naye akawa anakuja na gari la baba yake hata lisipokuwa na tatizo. Kila akija aliomba maji ya kunywa, na maji aliyaleta Yasmina, bintiye Chabani. Siku moja aliomba maji mara tatu, na ilikuwa siku ya mvua.

Basi ikafika siku ya kusaba, yaani kumposa Yasmina kwa ajili ya Aboubakar. Ukumbi ulikodiwa, fanta zikapangwa, wazee wa pande mbili wakakaa wakitazamana, na msemaji wa upande wa Muyinga akasimama. Kwa kawaida msemaji husifu ng'ombe, mashamba na ukoo. Huyu alisifu kolekta.

"Ndugu zetu, sisi hatukuja kwa mtu wa hivi hivi. Tumekuja kwa mtu aliyekuta moto wa digrii mia nne na kumi na mbili, akaushusha mpaka mia na hamsini na moja. Mtu anayejua kutuliza moto namna hiyo, mtoto aliyemlea hawezi kutuletea moto nyumbani."

Akina mama walipiga vigelegele. Msemaji wa Chabani alijibu kwamba hata hiyo mia na hamsini na moja ilikuwa ni kwa sababu fundi alikuwa amechoka siku ile, angeweza kuishusha zaidi. Vigelegele vikaongezeka. Hivyo ndivyo namba ilivyoingia kwenye ndoa. Na neno likishasemwa kwenye kusaba, likasikika pande zote mbili na kunywewa fanta, kulirudisha ni kuvunjia watu heshima, kuanzia ya binti mwenyewe.

Chabani alikuwa na furaha isiyo na mfano. Alitembea Nyamugari kifua mbele, akiitikia salamu za watu ambao hawakuwa wamemsalimu.

Wiki mbili kabla ya harusi akaja Adventina.

Adventina alikuwa fundi wa umeme wa magari, msichana wa watu wa Buraza, ila alikulia Tanzania, wazazi wake walikokimbilia, na ufundi aliusomea Kasulu kabla hawajarudi. Alipanga kibanda cha pili kutoka kwa Chabani. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka hivi kwamba watu wa mtaa wakizungumza naye waliona kama wanaisikiliza taarifa ya habari. Siku hiyo alisimama mlangoni akijipangusa mikono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Ingia."

"Samahani kwa usumbufu. Ni lile gari la mzee Radjabu. Ameniletea nibadilishe nyaya, zimeyeyuka tena. Na mpira unaopeleka petroli umekauka, ukiukunja unatoa nyufa. Nina wasiwasi na kolekta."

"Kolekta iko baridi, mtoto wangu. Mia na hamsini na moja. Watu wote wanajua."

"Namba nimeiona, mzee. Hiyo namba ndiyo inayonitia wasiwasi."

Chabani alitabasamu tabasamu la mtu mkubwa akimsikiliza mtoto. Akakubali kwenda kuliona gari, ili amfundishe. Adventina aliwasha mshumaa, akaupitisha chini ya bomba moja mpaka masizi yakashika kipande cha upana wa vidole vitatu, cheusi, katikati ya ule mng'ao wote. Kwa Chabani ilikuwa kama kumwona mtu anatema mate kwenye shuka la harusi, lakini alijikaza. Wakalipeleka gari mpaka mlimani na kurudi. Bunduki Radjabu alikuwa ameiacha ndani ya gari. Adventina akaielekeza kwenye rangi ya fedha: mia na arobaini na tisa. Akaisogeza kidogo, kwenye masizi.

Mia tatu tisini na saba.

Chabani aliichukua akapima mwenyewe. Akapima mara nane. Akapangusa jicho la bunduki kwa shati lake na kupima tena. Fedha, mia na hamsini. Masizi, mia tatu tisini na kitu. Bomba lilikuwa lilelile, na kati ya sehemu hizo mbili usingeweza kulaza kalamu.

"Masizi yako yanaongeza moto," akasema.

Amisa alikuwa anapita na beseni la unga wa mandazi. Alimega donge dogo akalibandika kwenye rangi ya fedha, pale ambapo bunduki ilisema mia na hamsini. Donge lilitoa moshi papo hapo na kugeuka mkaa kabla hajamaliza kufunika beseni.

"Mafuta yangu ya mandazi hayafiki hapo," akasema, akaenda zake.

Adventina akaeleza polepole, kwa adabu, huku akitazama chini. Bunduki ile haigusi chuma. Inasoma joto linalorushwa na chuma hewani, kama vile wewe unavyolisikia usoni ukikaa karibu na jiko. Kitu cheusi hurusha joto lake lote. Kitu kinachong'aa hulibana, hurusha kidogo tu, na bunduki inadhani kimepoa. "Bomba halikupoa hata siku moja, mzee. Uliling'arisha tu, likaficha joto lake."

"Siku zote?"

"Siku zote."

Kisha akatoa kipimo chake, cha waya mrefu wenye ncha ya kugusa, akaifunga ncha hiyo pembeni mwa mpira wa petroli, wakafunga boneti na kuzunguka tena. Hewa pale penye mpira ilikuwa digrii mia na nne. Mpira wenye nyufa, petroli ndani yake, bomba la karibu digrii mia nne kiganja kimoja kando, na katikati yao hakuna bati, kwa sababu bati lilikuwa uani kwa Amisa limejaa pilipili.

Jumamosi ya pili kutoka siku ile, kwenye kiti cha nyuma cha gari hilo, Yasmina angevaa nguo yake nyeupe na kupelekwa Muyinga, milima mitupu, Radjabu mwenyewe akiendesha, mtu ambaye hakuwahi kupanda mlima polepole tangu azaliwe. Chabani akakaa juu ya ndoo ya rangi. Aliogopa kama hajawahi kuogopa.

"Mwambie tu mzee Radjabu ukweli," Adventina akasema.

"We haukuwako kwenye kusaba," Chabani akajibu. "Ile namba si yangu tena. Ni ya Yasmina. Mi nikisimama leo niseme ilikuwa uongo, watamwangalia yeye vipi kule? Watasema, mtoto wa yule mwongo. Kila akiunguza mchuzi, watasema."

Adventina aliwajua watu, akaanza kukunja waya wa kipimo chake.

Basi Chabani akajaribu njia za pembeni. Alimfuata Radjabu dukani akamwambia bati lirudishwe, mvua za mwaka huu ni mbaya. Radjabu akacheka. Kesho yake akamwambia gari la harusi bila bati ni kama bwana harusi bila kofia. Radjabu akasema kofia inayopiga kelele aliiona wapi. Siku ya tatu Chabani alilifunga bati mwenyewe kwa siri wakati Radjabu anaswali, na Radjabu hakufika hata kituo cha petroli kabla hajasimama kulifungua, akalirudisha yeye mwenyewe kwa mikono miwili.

"Bamwana," akasema, kama wazazi wa maharusi wanavyoitana, "we ni fundi mkubwa, unajidharau. Kazi yako inatosha. Wanaofunga bati ni wale mafundi wao hawajui kitu."

Hapo Chabani aliona imebaki kufanya kazi ya kweli. Akamwomba Radjabu amwachie gari siku nne, aipake kolekta koti la harusi. Radjabu alilipenda sana neno hilo, akakabidhi ufunguo na kupanda basi.

Rangi safari hii waliiagiza Bujumbura kwa mtu aliyemfahamu Adventina, rangi nzito ya kauri, nyeusi tititi, isiyo na mng'ao wowote. Chabani alipofungua kopo alijisikia vibaya mwilini. Walisugua chuma kwa msasa mpaka kikawa cheupe, wakapaka tabaka jembamba, wakangoja, wakapaka tena. Adventina alimweleza wazi kwamba rangi peke yake haitoshi. Itabana joto kidogo ndani ya bomba, na bati litamaliza lililobaki. Alibadilisha mpira wa petroli, na Chabani akaosha bati kuondoa pilipili, akaliwekea pete za shaba laini kwenye boliti zake ili lisipige kelele tena.

Ila rangi ya namna hiyo haikomai mpaka iive kwa moto wa hatua kwa hatua: injini iwashwe dakika kumi, izimwe ipoe kabisa, iwashwe ishirini, ipoe, iwashwe tena. Gari limesimama. Petroli inaungua. Na hii ilikuwa Gitega, mahali ambapo wanaume wazima walikuwa wamelala kwenye foleni ya kituo kwa ajili ya lita kumi.

"Yoo! Chabani, we iko na akili kweli?" jirani mmoja akauliza kutoka ng'ambo ya barabara, ameshika dumu tupu. "Unachoma esansi kwa kusimama?"

"Naivisha rangi."

"Mbona ya kwanza haukuivisha, na ilikuwa nzuri?"

Swali lilikuwa zuri sana, na Chabani akainama kutazama injini. Walikusanyika watu kumi na tano kutazama gari likila petroli bila kwenda popote, kwa uchungu wa kweli, kama watu waliokuja kwenye matanga.

Walipomaliza wakapanda nalo mlima, kipimo cha waya kikiwa pale pale kwenye mpira. Adventina akasoma, akampa asome mwenyewe. Digrii sabini na moja. Chabani alisoma mara nne, macho yakamlengalenga. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amefanya kitu kizuri kisichong'aa, na alitamani amkumbatie mtu. Alilikumbatia bati.

Ijumaa Radjabu akaja kuchukua gari, na watu wa Nyamugari wakaja naye, kwa kuwa habari za petroli zilikuwa zimeenea. Alifungua boneti. Akainama, akachungulia chini ya bati.

"Iko wapi rangi?"

"Ndiyo hiyo, bamwana. Nyeusi."

Radjabu akawasha injini, akaendesha, akarudi, akapenyeza bunduki yake pembeni mwa bati na kubonyeza. Alitazama namba. Akawaonyesha watu, mmoja mmoja. Mia tatu hamsini na sita.

Chabani akapiga moyo konde. Hapo hapo, mbele ya watu wote, akasema ukweli. Akasema kwamba ile rangi ya kwanza ilikuwa inang'aa tu, bunduki ilidanganyika, na yeye alidanganyika pamoja nayo. Akataja masizi, akataja donge la unga. Akamwita Adventina alete kipimo cha waya. Aliona kama anavua nguo barabarani, lakini aliendelea mpaka mwisho.

Radjabu alimsikiliza kwa upole wa mtu anayemsikiliza mgonjwa.

"Donc," akasema, "pistole yangu ilidanganya wakati umefanya vizuri, na inasema kweli wakati umeharibu? Vraiment, bamwana. Na huo waya ni wa nani? Wa huyu msichana aliyekuambia upake nyeusi?"

Watu wakacheka. Mwenye dumu tupu ndiye aliyecheka zaidi.

"Sikiliza," Radjabu akaendelea, sasa akishusha sauti kwa ajili ya undugu. "Sisi tumeshakuwa wamoja. Chukua ile rangi yako ya fedha, upake juu, isome mia na hamsini, mi nitoe hii bati, twende harusini. Hakuna mtu atajua."

Kopo la fedha lilikuwa pale pale rafuni. Chabani alilichukua. Akachokoa kifuniko, harufu ikamjia, ile harufu aliyoijua miaka yote. Tabaka moja jepesi juu ya ile nyeusi lisingedhuru kitu. Dakika kumi za kazi, na angekuwa Dokta wa Moto tena, na kesho Muyinga angeingia kichwa juu. Na bati lingetoka. Namba ndogo ingelitoa bati, kama ilivyolitoa mara ya kwanza, na hakuna kitu duniani kingeweza kumfanya Radjabu alirudishe, isipokuwa kuiogopa ile namba kubwa.

Nyuma ya pazia la nyumba alisikia wanawake wanampaka Yasmina hina, na Yasmina anacheka.

Akagandamiza kifuniko cha kopo kwa kisigino mpaka kikafunga.

"Nimeharibu," akasema.

Watu wakasogea karibu.

"Nimeharibu gari yako, bamwana. Nilipaka rangi mbovu, na haitoki tena. Hata nikipaka fedha juu itabanduka. Sasa hii kolekta ni moto mtupu. Kitu kinaweza kukuokoa ni bati peke yake. Ukiitoa, hamtafika Karuzi. Na uende polepole, kila mlima upunguze. Unisamehe."

Ukweli aliusema kwa robo saa na hakuna aliyeuamini. Huu uongo ulichukua muda wa kumeza mate, na Radjabu aliuamini papo hapo, wote, bila kuuliza kipimo cha waya. Alikagua boliti za bati mwenyewe, moja moja, akizitikisa, akaomba iongezwe moja.

"Mzee, kwa nini?" Adventina akamnong'oneza, machozi ya hasira yakimlenga. "Kazi nzuri kama ile!"

"Bati imebaki?" Chabani akauliza.

"Imebaki."

"Basi nipe maji ninywe."

Jumamosi msafara ulitoka Gitega baada ya nikaha, gari jekundu mbele likiwa na bibi harusi, na mabasi mawili madogo nyuma yakipiga honi kwa hasira kwa sababu gari la mbele lilikuwa linatambaa. Chabani alikaa basi la kwanza, kiti cha mbele, macho hayakubanduka kwenye lile boneti jekundu. Karuzi Radjabu alisimama, akalizunguka gari akilinusa, akaendelea. Waendesha baiskeli wenye mikungu ya ndizi waliwapita kwenye mteremko. Walifika Muyinga wamechelewa saa nzima, pilau limeshagandamana, na Yasmina alishuka kwenye gari mzima, hina haijafutika, akitafuta kwa macho mahali mama yake alipo. Chabani alijifuta uso kwa mkono wa kanzu na kusema alhamdulillahi mara tatu.

Ukumbini msemaji yuleyule alisimama. Alikuwa mtu mwerevu, na hotuba yake ilikuwa imeshabadilishwa.

"Ndugu zetu, tulisema tumekuja kwa fundi aliyeupoza moto. Bon, tumegundua ameuwasha tena! Kutoka Gitega mpaka hapa tumekuja kama kinyonga, tunauogopa moto wa bamwana wetu chini ya boneti. Lakini sisi watu wa Muyinga tumepata mke mwema, gari tumelisamehe."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Yasmina aliinamisha uso. Amisa alimtazama mumewe, akaweka mkono wake juu ya goti lake na kuuacha pale. Chabani akasimama kama ilivyotakiwa, akaweka mkono kifuani, akaomba radhi mbele ya ukoo wote. Watu asiowajua walimpita wakimwambia, "Pole, fundi." Kila mmoja alimjibu asante.

Walipotoka nje, Radjabu alikuwa ameegemea gari lake, amezungukwa na wanaume wa mtaa wake. Alikuwa ametoka kuwazungusha bwana na bibi harusi mjini, akapanda nao mpaka sokoni na kurudi, na injini ilikuwa bado inanguruma. Alikuwa anaeleza jinsi gari lilivyoharibiwa. Namba alizitaja zote, kwa uchungu. Na wakati anaeleza, kiwiko chake kilikuwa juu ya boneti, kimetulia, na kanzu yake nyeupe imelala juu ya ile rangi nyekundu.

Adventina ndiye aliyeona kwanza. Akamshika Chabani mkono.

"Mzee, tazama mkono wake."

"Nimeuona."

"Ngoja nimwambie. Mbele yao wote, sasa hivi."

"Acha, mama. Akijua iko baridi, kesho anafungua bati. Na wiki ijayo Yasmina iko narudi nayo Gitega kutusalimu."

"Basi mpaka lini?"

"Mpaka auze gari."

Mmoja wa wale wanaume alikuwa anamuuliza Radjabu jambo hilohilo, kama hafikirii kuliuza, maana limekwisha.

"Kuuza? Jamais," Radjabu akasema. "Hata ikiwa imeharibika namna hii, hii naachia wajukuu."

Akalipapasa boneti kwa kiganja kizima, taratibu, kama baba anayembembeleza mtoto mwenye homa, na kiganja akakiacha palepale. Watu wakamsifu kwa moyo wake mzuri. Chabani akajinyoosha kanzu, akavuka ua, akaenda kumshika mkono, kwa kuwa alikuwa amesamehewa na watu walikuwa wanatazama.